Maneno Yasiyo na Mwenyewe: Juu ya Kunukuu na Kudesa katika Uhakiki Wetu

Makala hii haikuandikwa ili kumchongea mtu. Natanguliza kusema hivyo kwa sababu neno "wizi" likishatajwa katika chumba cha semina, wenzangu wengi huinama na kujifanya wanatafuta kalamu chini ya meza. Sina orodha ya wezi mfukoni. Nina swali la kihakiki, nalo ni hili: insha ya fasihi isiyosema maneno yake yametoka kwa nani, je, inahakiki chochote?

Muhula uliopita nilikuwa mmoja wa wanafunzi waliopewa kazi ya kupitia makala zilizoletwa kwa ajili ya jarida hili. Zilikuwa 14. Nilizisoma zote mara mbili, na kilichonisumbua si ubovu wake, kwani nyingi zilikuwa na lugha safi na mpangilio unaoeleweka. Kilichonisumbua ni kwamba kila nilipofika kwenye hoja nzuri, hoja yenye nondo, nikataka kubishana nayo kidogo, sikumwona wa kubishana naye. Hoja ilikuwa imesimama peke yake kama mlango usio na nyumba. Je, ni ya mwandishi wa makala? Ni ya mhadhiri wake? Ni ya kitabu fulani kilichosomwa haraka usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi? Huwezi kujua.

Sisi wanafunzi tumefundishwa kunukuu kama tunavyofundishwa sheria za barabarani. Usipoweka jina na mwaka kwenye mabano, utakatwa alama; ukizidisha, utapelekwa mbele ya kamati. Somo lenyewe hutolewa katika wiki za mwanzo za mwaka wa kwanza, ndani ya kozi ya stadi za mawasiliano, karibu na mada ya jinsi ya kuandika barua ya kuomba kazi. Matokeo yake, wengi wetu tunaamini kwamba marejeo ni jambo la mwisho, kama kupiga pasi shati baada ya kulifua. Dai langu ni kwamba kunukuu kumo ndani ya uhakiki wenyewe, na pale tunapokuacha hatumwibii mwenye kitabu tu. Tunaiua hoja.

Tuchukue mfano mwepesi. Katika makala zile 14, tisa zilikuwa na sentensi isemayo kwamba fasihi ni kioo cha jamii. Moja tu ndiyo iliyoweka jina na mwaka baada ya sentensi hiyo, na jina lenyewe lilikuwa la mtunzi wa mwongozo wa kidato cha sita. Zilizobaki ziliiacha sentensi ikiranda kama mbuzi wa mjini: kila mtu anamwona, hakuna anayejua ni wa nani. Mtu ataniambia, "Ah, hilo linajulikana na wote, kwani mpaka linukuliwe?" Ni kweli linajulikana, na hapo hapo ndipo penye hasara. Plato, katika kitabu cha kumi cha Jamhuri yake, alikitumia kioo ili kumdharau msanii: yeyote aweza kuchukua kioo, akakizungusha huku na huko, akapata jua na mimea na wanyama kwa mara moja, ila atakuwa amepata sura tu, si vitu vyenyewe. Stendhal, katika riwaya yake Le Rouge et le Noir ya mwaka 1830, alikitumia kioo hicho hicho kumtetea mwandishi: kioo kinachopitishwa njiani kikionyesha matope, mwenye kulaumiwa ni yule aliyeiacha njia iharibike. Na katika riwaya hiyo hiyo wazo la kioo limewekwa pia juu ya sura moja likiwa na jina la mtu mwingine, Saint-Réal wa karne ya 17. Kwa hiyo kioo kimoja ni tusi, kingine ni utetezi, na hiki chetu cha insha za chuo kimekuwa sifa ya kupambia aya ya kwanza.

Sasa mwanafunzi mwenzangu mmoja alikuwa anahakiki Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, riwaya iliyotoka mwaka 1971 na ambayo wakati fulani ilizuiwa mashuleni kwa sababu wakubwa waliona imeonyesha mambo yasiyofaa kuonyeshwa. Angelijua kioo chake ni cha nani, angekuwa na silaha mkononi! Kioo cha Stendhal kingemsaidia kuuliza kama kosa ni la riwaya au ni la barabara. Badala yake aliandika kwamba fasihi ni kioo cha jamii, akaendelea na mandhari. Hakuiba kitu chenye thamani kwa mwenyewe, Stendhal hatapungukiwa. Aliyepungukiwa ni mhakiki.

Upo udesaji mwingine ambao ni mgumu zaidi kuusema kwa sababu unafanana na kazi halali. (Kwa msomaji wa nje ya Tanzania: "desa" ni maandishi ya kozi yanayopitishwa kwa kurudufiwa, na "kudesa" ni kuyanakili au kunakili ya mwenzio.) Namaanisha kudesa kwa kutafsiri. Mtu anachukua kurasa mbili za kitabu cha nadharia kilichoandikwa kwa Kiingereza, anazihamishia katika Kiswahili, anaweka mbele yake neno "kwa mtazamo wangu", basi, kazi imekwisha. Mashine ya kulinganisha maneno inayotegemewa na vyuo haimkamati kirahisi, kwani inatafuta mfuatano wa maneno, na mfuatano huo haupo tena. Lakini sikio la msomaji linamkamata. Aya ya kwanza na ya pili ni Kiswahili cha mtu aliyekulia Tanga au Singida. Aya ya tatu inaanza ghafla kutembea kwa miguu ya kuazima. Sentensi zinarefuka, vitenzi vinageuka kuwa vya kutendwa hata pale ambapo mtendaji anajulikana, na kila kitu "kinawakilishwa ndani ya muktadha wa". Halafu aya ya nne tunarudi Singida.

Sisemi kutafsiri ni dhambi. Kutafsiri nadharia katika Kiswahili ni kazi ngumu na ya maana, na walioifanya kwa uaminifu wametujengea istilahi tunazozitumia leo bila hata kuzifikiria. Kinachonishangaza ni kwamba mwanafunzi aliyehangaika usiku kucha kutafuta neno la Kiswahili la kubeba dhana ngumu anaificha kazi hiyo, kisha anadai kazi ambayo si yake. Angeandika tu "tafsiri ni yangu" na kumtaja mwenye kitabu, mhadhiri angeona mambo mawili: kwamba amesoma, na kwamba amefikiri katika lugha mbili. Kwa kuficha, anapoteza yote mawili.

Na tangu mwishoni mwa mwaka 2022 pamekuja mitambo ya kompyuta inayotunga insha yenyewe ukiiuliza swali. Sitakaa hapo sana, maana yanayosemwa juu yake ni mengi kuliko yanayojulikana. Nitataja moja tu linalohusu mada hii. Ukiiambia mitambo hiyo ikupe marejeo, mara nyingine inakupa kitabu ambacho hakijawahi kuandikwa, chenye mwandishi, mwaka na hata mji wa uchapishaji, vyote vikiwa vimepangwa vizuri kabisa kwa kanuni. Hii ndiyo picha halisi ya mafunzo yetu ya kunukuu: umbo lipo, mabano yapo, nukta na mikato ipo mahali pake, na ndani hamna mtu.

Hapa ndipo wengine hunijibu kwa hoja ya utamaduni, na ni hoja ambayo siwezi kuipita tu. Wanasema: habari hizi za jina na mwaka ni za Wazungu, sisi fasihi yetu ni mali ya wote, methali haina mtunzi, ngano haina hakimiliki. Kuhusu methali nakubali, ingawa hata hapo "wahenga walisema" ni namna ya kunukuu: msemaji anakiri kwamba maneno si yake. Lakini kuhusu ushairi, jamani, hoja hiyo haisimami hata dakika moja. Watunzi wa tenzi za pwani walikuwa na desturi ya kujitaja mwishoni. Mwana Kupona binti Mshamu, katika utendi aliomtungia binti yake, alitaja jina lake, mahali alipozaliwa yaani Pate, na mwaka wa Hijria 1275, ndio 1858. Ni ukurasa gani wa hati wa vitabu vyetu vya leo unaotoa zaidi ya hayo?

Tena kuna takhmisi. Mshairi anachukua shairi la mtu mwingine, na kila ubeti wa mwenziwe anautangulizia mishororo mitatu ya kwake yenye kina kinachoafikiana, hata ubeti uwe wa mishororo mitano. Takhmisi ya Liyongo, ambayo hunasibishwa na Sayyid Abdallah bin Nasir wa Pate, imejengwa hivyo juu ya maneno ya Fumo Liyongo. Umbo lenyewe linamwonyesha msikilizaji ni wapi mgeni anaishia na mwenyeji anaanza. Mshairi wa takhmisi hajifanyi kwamba maneno yote ni yake. Raha ya utungo iko katika kusikia sauti mbili. Insha nzuri ya uhakiki haifanyi zaidi ya hapo. Mimi kila nikisoma aya iliyonukuliwa vizuri, yenye maneno ya mwingine na maneno ya mhakiki yakisemezana, nakumbuka takhmisi. Kwa hiyo wanaotuambia kunukuu ni jambo la kigeni watuoneshe hiyo pwani isiyojua kunukuu iko wapi.

Kwenye fasihi simulizi mambo ni magumu zaidi, na hapa ndipo naona tunawakosea watu walio hai. Wanafunzi wa kozi hiyo hutumwa kukusanya ngano, nyimbo na methali kwao wakati wa likizo. Wanaporudi, karatasi zao husema: "Msimulizi ni bibi mmoja wa kijijini, umri miaka 70 hivi." Basi. Bibi mmoja! Kitabu kilichosomwa maktabani kimepewa jina, mwaka, mji na mchapishaji; mtu aliyekaa saa mbili akisimulia, akaimba kibwagizo, akakataa kusimulia mchana kwa sababu ya mwiko, amepewa umri wa kukadiria. Wako wanaosema wanafanya hivyo kulinda siri za watoa habari. Ikiwa msimulizi mwenyewe ameomba jina lake lisiandikwe, sina la kusema, na inafaa tuandike kwamba ameomba hivyo. Lakini je, aliulizwa? Nimewauliza wenzangu sita waliofanya kazi hiyo mwaka jana. Mmoja tu alikuwa amemwuliza msimulizi wake, na msimulizi alijibu kwamba anataka jina lake liandikwe pamoja na la mama yake aliyemrithisha hadithi hiyo. Yaani huyo bibi alijua kunukuu kuliko sisi tuliokwenda na kinasa sauti.

Jambo hili lina historia. Edward Steere alipochapisha hadithi za Unguja huko London mwaka 1870, jaladani alisema zimesimuliwa na wenyeji wa Zanzibar, na jina lililobaki kwenye mgongo wa kitabu ni lake. Leo tunaandika "(Steere, 1870)" kana kwamba askofu yule alikaa jioni mahali fulani akimtungia paa ujanja wake. Sina ugomvi na Steere kwa kukusanya. Bila yeye huenda baadhi ya hadithi zile zisingetufikia katika umbo lile. Ugomvi wangu ni na mabano yetu, ambayo yana nafasi ya jina moja na yanampa nafasi hiyo aliyekuwa na mtambo wa kuchapia.

Niseme pia kidogo juu ya ugonjwa wa upande wa pili, maana upo. Kuna makala moja kati ya zile 14 iliyotaja kwamba Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909, ikaweka nyuma ya sentensi hiyo majina manne na miaka minne. Mwandishi alikuwa anajikinga tu. Mwaka wa kuzaliwa kwa Shaaban Robert hauna mgogoro unaohitaji mashahidi wanne. Lakini kurasa mbili mbele, alipodai kwamba Kusadikika iliandikwa kuupiga vita utawala wa kikoloni, dai ambalo lina mgogoro, na ambalo msomaji anataka kujua nani alilitoa na kwa ushahidi gani, hapakuwa na jina hata moja.

Na walimu wetu je? Kwa heshima zote, nao wamo. Madesa mengi tunayorithishana kutoka mwaka wa tatu kwenda wa pili yalianza kama muhtasari wa mihadhara, na muhtasari huo mara nyingi ulikuwa na dhana za wataalamu kadhaa zilizoorodheshwa bila kurasa, wakati mwingine bila majina. Mwanafunzi anazikuta dhana hizo zikiwa tayari hazina baba. Utamlaumuje kwa kutomjua babu? Swali la mtihani nalo likirudi vilevile mwaka hata mwaka, jibu lake hujitengeneza kuwa mali ya ukoo. Anayeogopa kusapu atalikariri, atalimwaga, atafaulu. Nimemsikia mhadhiri mmoja akilalamika kwamba amesoma jibu lile lile katika vitabu 40 vya mtihani. Niliinua mkono nikamwuliza kwa adabu swali lenyewe lilitungwa mwaka gani. Darasa lilicheka, yeye akacheka pia, na mtihani uliofuata ulikuwa na swali jipya. Sidai ni kwa sababu yangu.

Turudi kwenye matini, kwa sababu bado nina jambo la kusema juu ya Muyaka. Karibu kila mmoja wetu amewahi kuandika "Muyaka anasema", kisha ubeti ukafuata. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840, na tungo zake hazikutufikia kwa kitabu alichokiandaa mwenyewe. Zilihifadhiwa vichwani mwa watu na katika karatasi. Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizikusanya na kuzifafanua, mmisionari W. E. Taylor akazinakili kwa msaada wake mwishoni mwa karne ya 19, William Hichens akachapisha diwani huko Johannesburg mwaka 1940, na Mohamed Hassan Abdulaziz akatoa chapa yake yenye maelezo na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1979. Karatasi za Taylor ziko London. Katika mnyororo huo wote, nani anasema? Kama hoja yako inategemea neno moja la Kimvita, na wahakiki wa ushairi tunapenda sana kuning'iniza hoja kwenye neno moja, basi ni lazima niambiwe neno hilo umelitoa katika chapa ipi. Ukiwa umelitoa kwenye mwongozo ulioutoa kwenye kitabu kingine, sema hivyo pia. Hakuna aibu katika "kama alivyonukuliwa na". Aibu ni kujifanya umeishika hati ya Sikujua mkononi.

Sikujua ndiye anayeniuma zaidi katika mnyororo huo. Yeye ndiye aliyejua nini kilitungwa katika tukio gani, mzaha upi ulimlenga nani. Bila maelezo hayo nusu ya mashairi ya Muyaka ni mafumbo yaliyofungwa. Tafuta jina lake katika insha zetu uone.

Lakini kisa kinachonifanya nidai kwamba kanuni zenyewe za kunukuu zinahitaji kuhakikiwa ni cha Mtoro bin Mwinyi Bakari. Mtoro alitoka upande wa Bagamoyo, akaenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki. Mwaka 1903 kikachapishwa huko Göttingen kitabu cha Desturi za Wasuaheli, na mwaka huo huo tafsiri yake ya Kijerumani. Ndani yake mna mambo ya kuzaliwa, malezi, unyago, arusi, maradhi na pepo, utumwa, sheria. Mtu yeyote anayetaka kujua mrima ulivyokuwa kabla ya vita vya karne iliyopita lazima apite hapo. Jina la jaladani ni la Carl Velten, aliyewahi kuwa mkalimani wa serikali katika koloni la Wajerumani na ambaye alikuwa mkusanyaji. Sehemu kubwa ya maandishi ni ya Mtoro. Yeye aliyeyaandika alikuwa mtu, si mtoa habari: alioa mwanamke wa Kijerumani, na mwaka 1905 walipojaribu kuja kukaa Afrika Mashariki wakuu wa koloni walimzuia mke wake kushuka, wakarudishwa Ulaya. Alifariki Berlin mwaka 1927.

Jambo la ajabu ni kwamba Velten huyo huyo, katika kitabu chake cha safari za Waswahili cha mwaka 1901, aliacha kila safari na jina la msafiri wake. Ndiyo maana tunajua kwamba Salim bin Abakari ndiye aliyekwenda Urusi na Siberia. Majina hayakukosekana. Yalikuwamo ndani. Yalipotea sisi tulipohitaji neno moja la kuweka kwenye mabano, tukatazama mgongo wa kitabu. Ikabidi kusubiri mpaka 1981, ilipotoka tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen iliyohaririwa na Noel King, ndipo jina la Mtoro likaingia katika anwani ya kitabu chake mwenyewe, miaka 78 baadaye. Na bado, makala mbili kati ya nilizozisoma zilinukuu maneno ya Mtoro na kuandika "(Velten, 1903)". Waandishi wake hawakuvunja kanuni yoyote. Kwa kanuni wana alama zote. Sasa niambieni, ndugu zangu: mwenye kudesa anaficha jina la mwandishi mmoja kwa muhula mmoja, mabano haya yamelificha la Mtoro kwa vizazi. Kipi tukiite kosa?

Shida haiishii hapo, kwa maana hata ukiamua kumtaja Mtoro unaambiwa uanze na jina la mwisho. Utaandika "Bakari, M."? Mwinyi Bakari ni babake. Umemnukuu mzee ambaye hakuandika kitabu. Kwa njia hiyo hiyo Muyaka anakuwa "Haji, M.", na Shaaban Robert anakuwa "Robert, S.", jina la baba tena, ambalo mgeni akilisoma atadhani ni Mwingereza. Nimewahi kukuta katika orodha moja ya marejeo "Kupona, M." Hiyo M ni ya Mwana! Ni sawa na kumwandika mtu "Fatuma, B." kwa sababu anaitwa Bi Fatuma. Nilicheka, kisha nikakumbuka kwamba aliyeandika hivyo alikuwa mwanafunzi mwangalifu kuliko wengi, aliyefuata mwongozo neno kwa neno.

Mwongozo ulitungwa na watu wenye majina ya ukoo kwa ajili ya watu wenye majina ya ukoo. Hauna dhambi, ila haujui kwetu. Kinachotakiwa ni idara zetu za Kiswahili zikae, zikubaliane namna ya kuandika "bin" na "binti", namna ya kutofautisha mtunzi, msimulizi, mkusanyaji na mhariri ndani ya mabano, na namna ya kumweka msimulizi aliye hai kwenye orodha moja na vitabu, si kwenye tanbihi. Waandishi wa Kiarabu wa zamani walikuwa na silsila ya wapokezi, fulani kutoka kwa fulani kutoka kwa fulani. Sioni kwa nini mtu anayenukuu Muyaka asiweze kuandika mnyororo mfupi wa namna hiyo. Utakula maneno sita zaidi. Insha zetu zina maneno mengi ya kupunguza mahali pengine.

Mpaka idara zitakapokaa, mimi katika kazi zangu nitamweka Mtoro bin Mwinyi Bakari chini ya herufi M, jina lake zima, na Velten atafuata kama mkusanyaji. Mwana Kupona naye atakaa kwenye M, kwa heshima yake. Mhadhiri akiona vema kunikata alama kwa hilo, nitamwomba aandike pembeni sababu yake, na amtaje aliyeitunga kanuni hiyo.